Neno la Kwanza la Papa Kalenga

Mdogo wangu Agnesi, salamu za kaka yako kutoka Lubumbashi.

Wengi hukosea: asiyeweza kusema humwona kama asiyeelewa. Jana daktari alimvika rafiki yangu Papa Kalenga, aliyepooza hata ulimi, kofia ya nyaya. Herufi huwaka moja moja kwenye skrini. Ubongo ukishtukia ile anayoitaka, nyaya huhisi na mashine huiandika. Tulingoja sana, ndipo ikaandika: SOMBE IKO NA CHUMVI MINGI.

"We papa!" mkewe alicheka huku analia. "Kumbe unasikiaka! Na miye kila siku namulisha ile majani ya muhogo, naambia bageni, 'Anaipenda!'"

Nasi tumemjibia Mama hivyohivyo tangu augue akashindwa kusema. Huko Kalemie hana kofia, lakini macho anayo. Mbusu kwa niaba yangu. Leo keti mbele yake, muulize jambo moja, afumbe macho kwa ndiyo, kisha ungoje.