Kima wa Maparoni

Shikamoo Bibi,

Siku ya tatu leo nakanyaga matope ya mikoko hapa kwenu Maparoni, nawatafuta kima niwapige picha. Hadi asubuhi nilikuwa hoi, na sijamwona hata mmoja. Mwenyeji anayetuongoza mimi na wenzangu akatuhurumia, akatupeleka shambani kwake. Tukamkuta mkewe juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti, analinda mpunga, sauti imemkauka.

"Mnawatafuta?" akashangaa. "Mie nawafukuza tangu alfajiri!"

Akatupa wali na samaki, nikala huku nasinzia. Mara kima hao, wamevamia mpunga! Nikapiga kelele naye mpaka koo likawaka, kamera nikaisahau. Bibi, kumbe sauti yako ya kukwaruza, tunayoicheka kila siku, uliiacha dunguni. Nisamehe. Yangu nayo imekwisha; nikirudi tutanong'onezana.

Mjukuu wako,
Zuhura