Koti la Baba

Njombe

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Mama, maana najua wewe ndiye unayesoma, na Bibi amekaa pembeni na ugoro wake anajifanya hasikii. Msomee taratibu, na pale atakaposema "ruka hapo," usiruke.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku imezidi, asubuhi maji ya ndoo yanauma meno. Kiwandani bado napanga mbao. Goti lako vipi, Bibi, bado linakusumbua mvua ikikaribia? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mama alisema unamchungulia kila saa utadhani ni mkweo.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiaga. Nikianza tu habari ya posa, unasema salio limeisha, wakati niliyepiga ni mimi!

Mara ya mwisho, kabla hujakata, uliniagiza: "Wakitaka baba, tafuta mtu wa kwetu huko huko, avae koti, aseme yeye ndiye. Mimi siendi kuchekwa na wakwe." Nikakutii. Mzee Magesa, mtu wa Kisorya kule ziwani ninayefanya naye kazi, akakubali. Tukaenda nyumbani kwa akina Upendo, mchumba wangu, mzee wa watu kavaa koti la kuazima.

Ee Bibi, ungekuwepo! Baba yake Upendo alipouliza nimelelewaje, Mzee Magesa akasahau yote tuliyopanga. Yeye kwao alikuwa mvuvi tangu utoto, basi akaanza: "Huyu nimemlea mtumbwini. Dagaa, sato, sangara, hakuna asichovua. Anaogelea kama kenge!" Na Upendo anajua kabisa kwamba mimi mtoto wa wafugaji wa kijiji cha Buswahili naogopa hata lambo la kunyweshea ng'ombe. Akacheka yeye kwanza, akafuata mama yake. Baba mtu hakucheka.

"Kijana," akaniambia, "huyu si baba yako. Baba yako ni nani?"

Masikio yaliwaka kwa aibu. Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikamwambia baba yangu ni mwanamke. Nikamweleza desturi yetu ya nyumba ntobhu: kwamba hukujaliwa mtoto, babu akafariki, ukatoa ng'ombe zako mwenyewe ukamuoa Mama ili moto wa nyumba usizimike, na sisi tuliozaliwa ni watoto wa mji wako, wewe ndiye baba yetu. Huku hawana kitu kama hicho. Mzee akavua kofia, akaiangalia, akaivaa tena.

"Nani alikuwa anakuchapa?"

"Yeye, mzee."

"Na shule?"

"Yeye. Alikuwa ananifikisha mpaka mlangoni, na nikitoka ili nitoroke namkuta bado amekaa pale nje ananingoja."

Hapo akacheka. "Basi huyo ndiye ninayemtaka. Asipokuja yeye, binti yangu hatoki hapa. Na huyu mvuvi mpeni chai, amechoka kuvua."

Kwa hiyo Bibi, mambo ndiyo hayo. Usipokuja, sioi.

Najua unachoogopa. Nakumbuka mnadani walivyokuwa wanakuitaga "bwana harusi" na kucheka, na wewe unachagua chumvi yako kama hujasikia. Mimi nilikuwaga nalia njia nzima. Ulikuwa unasema, "Acha wacheke. Wakichoka watarudi kwao kula ugali, na sisi tutakula wetu." Na kweli tulikula, hata siku moja hukutulaza njaa. Ulipalilia muhogo na goti hilo hilo ili mimi nivae viatu darasani. Sijawahi kukuambia asante, kwetu maneno hayo tunayaonaga ya wageni. Leo nasema: asante sana, Bibi. Nakupenda. Mama, na wewe nakupenda, usilie, endelea kusoma.

Kwenye kifurushi kuna koti. Huku baba wa bwana harusi lazima avae koti, na hiyo baridi yenyewe haina mchezo. Fundi alidai vipimo, nikamwonyesha kwa mikono. Akasema, "Mbona baba yako mwembamba hivi?" Nikamjibu, mwembamba hivyo hivyo, wewe shona. Mfuko wa ndani nimemwambia aushone mkubwa, ni wa ugoro.

Mnisalimie dada yangu wa Kigera na shemeji. Dada ndiye atakayempandisha Bibi basi pale Musoma, nimeshaongea naye. Salamu kwa shangazi wa Bunda, aandae vigelegele, na kwa katekista aliyenibatiza, mwambieni bado nasali. Mtoto wa jirani anayechunga ataangalia ng'ombe mwekundu, kwa hiyo Bibi usimtumie huyo ng'ombe kuwa sababu.

Mama, hapa sasa ndipo usiruke kabisa. Soma kwa sauti, mpaka aache kujifanya hasikii:

Baba, vaa koti. Njoo uniozeshe.

Mwanao,
Wambura