Chai ya Mama Furaha

Siku ya yenga (Jumapili), magaribi

...na kiu haiishi tangu nirudi kutoka Mabanga, kwa Mama Furaha.

Nilimwambia Mama Furaha, mama mukwe wa binti yangu, kwa upole: niko na diabete, munganga wa hospitali alinikataza chai ya sukari. Kisha akachukua kikombe cha chai alichoniwekea, akakunywa kidogo mbele ya watu wote, akanirudishia.

"Mama, uone. Haina sumu."

Ningefanya nini? Kukataa tena ni kumuita mulozi, mutu wa sumu, ndani ya nyumba yake. Nikakunywa yote. Akafurahi, akaongeza ingine!

Nimejichoma insulini, lakini macho bado yanaona ukungu.

Wakati wa kuaga alinikumbatia sana. "Sasa najua unatupenda. Yenga ingine tunakungojea."

Nikaitika kwamba nitarudi. Binti yangu anaishi kwao.