Unyenyekevu mupya wa chef

Butembo, siku ya tano

Mais mimi sina confiance na hii unyenyekevu mupya.

Juma iliyopita, kwa formation ya maadili, balitufundisha kwamba mwalimu wa université asione haya kusema "sijue". Tangu pale, kila mutu anaisema. Zamani ukiuliza tu kama mvua itanyesha, bangekupa cours muzima.

Leo mwanafunzi Masika alitetea mémoire yake juu ya kukausha kakao kule Mabalako. Akauliza chef wetu wa département, mwenye kufundisha kakao tangu zamani, kama ile namna yake itasaidia balimaji. Chef akafunga macho: "Mutoto wangu, kwa kweli, sijue."

Makofi. Mwenzangu akaninong'oneza: "Umeona mutu munyenyekevu?"

Mimi niliona copie ya mémoire mbele ya chef. Ilikuwa ingali ndani ya bahasha, imefungwa na gundi.

Masika pia aliiona. Akauliza polepole, na heshima yote: "Chef, hamujue, ao hamukusoma?"

Chef akacheka kidogo. "Swali nzuri. Ile pia, sijue."

Bakapiga makofi tena. Na mimi nilipiga, juu chef alikuwa anaangalia mikono yetu.