Mkwe Wangu na Waya wa Skrini

Rafiki yangu Hermani, leo nina hasira kwelikweli.

Leo nimefunga ile kadi mpya ya video kwenye kompyuta, kwa mikono yangu. Mkwe wangu Yonas, mume wa binti yangu, ameketi pembeni na mke wangu na wageni, anakunywa chai. Video zikaendelea kukwamakwama vilevile. Nikaamini Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, imeikataa kadi. Nikafuta diski yote, nikaweka Linux upya.

Hali ileile!

Ndipo Yonas akasema polepole, "Baba, waya wa skrini bado uko kwenye tundu la zamani. Uhamishie kwenye kadi."

Nikamuuliza: umeona lini? "Tangu mwanzo, baba."

Tangu mwanzo! Saa tatu nzima amenyamaza! "Ningekukosoaje mbele ya mama na wageni?" akajitetea.

Hermani, kwenye diski ile kulikuwa na video za marehemu kaka yangu Sulle, akisimulia wazazi wetu walivyohamia kijijini Tumati. Nakala sikuweka, hilo kosa ni langu.

Nikamfokea: ukiniona nakosea, nikosoe hata mbele ya askofu! Akaitikia, "Sawa, baba."

Nikamuuliza kama video zitapatikana. Akatazama chini. "Zitapatikana, baba."

Sasa nitajuaje kama ni kweli, au ananiheshimu tena?