Hodi kwenye lango la wafalme wa Habeshi

Mama Kulwa, Kisesa

Salamu nyingi, mke wangu. Mimi mzima, ila baridi ya huku Habeshi inauma mpaka kwenye meno. Leo tulipewa ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda na Magesa, yule mwenzangu Mjita, kutazama hii ngome unayoiona kwenye picha ya kadi hii. Ndimo walimokaa wafalme wao wa zamani. Ukuta ni wa mawe matupu, mrefu kupita nyumba yoyote ya Mwanza mjini.

Nilipofika langoni miguu ikasimama yenyewe, nikapiga hodi. Magesa akacheka mpaka akakaa chini. "Unamwita nani? Wenyewe walikufa zamani." Nikapiga tena. Hakuna aliyeitika, wakatoka mbuzi tu. Basi sikuingia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate yao michachu pale ukutani akanimegea kipande bure, nadhani alidhani nimepotelewa na mtu.

Sasa nisikilize. Kaka ameniandikia kwamba anataka uhamie kwake Mkuyuni na watoto, nyumba yetu ifungwe mpaka vita viishe. Mwambie nimekataa. Usihame. Uzio wetu ni wa minyaa tu, mvua ikiuangusha panda mwingine, lakini moto uwake humo ndani kila jioni.

Wasalimie Kulwa na Doto, wanenepe. Nitarudi, nitasimama langoni kwetu, nitapiga hodi. Uitike wewe.

Mumeo,
Baba Kulwa