Ulisema Panda, Ukabaki

Mpendwa pacha wangu wa kulia,

Usijivune kwa hilo neno "mpendwa". Barua huanza hivyo, na mimi nililelewa na mama anayejua adabu. Salamu za nyumbani nitazitoa mwishoni, nikikumbuka.

Unakumbuka kwa nini shule nzima ilituita Mapacha? Si kwa sura. Wewe wa Usevya, mrefu wa kugusa mwamba wa goli bila kujinyoosha sana, mimi wa Magamba, mfupi na mguu wa kushoto. Tulikuwa mapacha kwa kazi. Mabeki wawili wa kati, wewe kulia, mimi kushoto, na mshambuliaji aliyetaka kupita katikati yetu alirudi kwao anachechemea. Likizo zikiisha ulikuja na mchele wa kwenu, mimi nilikuja na karanga za mama, tukavila bwenini bila kuulizana nani kaleta nini.

Na vile viatu je? Tulichanga tukanunua jozi moja ya njumu za mtumba pale sokoni Mpanda, tukagawana. Wewe ulivaa cha kulia kwa sababu unapigia kulia, mimi nikavaa cha kushoto. Mguu wa pili kila mtu na raba yake. Timu nyingine zilitucheka mpaka mpira uanze. Ukiniuliza leo siku gani maishani nilijiona tajiri, nitakuambia zile nilizovaa kiatu kimoja.

Kilichotufanya tuogopwe kilikuwa neno moja tu. Panda. Adui akijiandaa kupiga mpira mrefu, wewe mwenye sauti unaita "Panda!", na sisi mabeki wote tunakimbia mbele kwa pamoja, mshambuliaji wao anabaki nyuma yetu peke yake, ameotea, kibendera juu. Ule mtego una sharti moja na wewe ndiye uliyenifundisha. Uliniambia tukiwa tunafua jezi, povu limekujaa mikononi: "Ukisikia panda, usigeuke. Ukigeuka umeshachelewa. We niamini tu mimi."

Nikakuamini. Sijui kama umewahi kuaminiwa namna ile tena, lakini nakuombea usiwahi.

Kisha akaja yule mama kocha kutoka chuoni. Chuo chao kilikuwa kikizunguka shule za sekondari kutafuta mabeki wa kike wa kuwasomesha, na katika mkoa wetu wa Katavi alikuwa anachukua mmoja. Mmoja tu. Tulilisikia hilo pamoja, tumesimama mstarini, bega kwa bega. Mimi niliwaza nyumbani, kwamba nisipochaguliwa nitarudi kwenye jembe na hapo hakuna wa kunilipia shule tena. Wewe sikujua ulichowaza. Nilidhani unawaza kama mimi, tucheze, na atakayependwa apendwe.

Unajua mwenyewe ilivyo shida kumchagua beki. Mshambuliaji hujitangaza, anafunga goli, watu wanapiga kelele, kazi imekwisha. Beki akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Dakika zinapita, kipa anapiga miayo, na mtu aliyesafiri kutoka mbali anakaa kwenye kiti cha plastiki pale uwanja wa Shanwe haoni kitu cha kuondoka nacho. Wewe uliliona hilo mapema kuliko mimi. Ukaamua kumtengenezea la kuona.

Mpira ulikuwa unaelekea mwisho. Ukaita "Panda!" kwa ile sauti yako yote. Nikapanda. Wenzetu wa pembeni wakapanda. Nikanyoosha mkono juu kumwonyesha mshika kibendera, na nikashangaa kibendera hakinyanyuki. Nilipogeuka nikakuona. Ulikuwa umebaki. Ulikuwa umebaki kule chini na yule mshambuliaji wao, kwa hiyo hakuotea, na ulikuwa umeshajiweka sawa, kifua kimeelekea golini kwetu, kama mtu anayesubiri mgeni aliyemwalika. Ukamkimbiza, ukateleza chini, ukauchomoa mpira mguuni pake bila kumgusa. Uwanja mzima ukaimba jina lako. Na mimi nilikuwa mbali kule, mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Yule mama kocha aliniita baadaye, kwa upole kabisa. "Binti, unakaba vizuri. Ila unatoka mahali pako."

Basi. Hayo ndiyo maneno niliyorudi nayo Magamba. Watani wa kule nao hawakuniacha hivi hivi, wakanipa jina, Kibendera. Nilipalilia mahindi nikiitwa Kibendera, nikanunua chumvi nikiitwa Kibendera, na siku hizi nikiwa nafundisha mpira shule ya hapa kwa kujitolea, wanafunzi wananiita Mwalimu Kibendera wakidhani ni jina la ukoo.

Nilikusindikiza stesheni, hilo unalikumbuka vizuri. Nilibeba ndoo yako. Nikakuuliza kabla hujapanda behewa, "Mbona hukupanda?"

Hukujifanya hujaelewa, na hapo nakupa sifa. "Alikuwa anachukua mmoja, dada. We ungefanyaje?"

"Ningepanda."

Ukaangalia reli kidogo. Halafu ukasema, "Nipe na hicho cha kushoto. Nitafikaje chuoni na kiatu kimoja, si watanicheka?"

Na mimi, mjinga wa mwisho katika mkoa huu, nikakupa. Kila nikikumbuka ulivyonifanyia uwanjani nakasirika, lakini nikikumbuka kile kiatu nataka kuvunja kitu. Uliondoka na jozi kamili.

Kanisani, tukifika kwenye yale maneno ya kuwasamehe waliotukosea, mimi nafunga mdomo. Mama aliliona hilo akanigusa na kiwiko. Nikamwambia sitaki kumdanganya Mungu mbele ya watu.

Sasa mwaka huu nikasikia unakuja. Ni wewe sasa unayezunguka shule kwa niaba ya chuo kilekile, unatafuta mabeki. Nilifurahi vibaya sana. Nina mtoto anaitwa Kabula, binti wa wafugaji, beki ambaye sijaona mfano wake tangu mimi na wewe. Baba yake ameshaanza kupokea wageni wanaokuja kumtazama binti na kusifia ng'ombe. Chuo kikimchukua, wageni watakunywa maziwa waondoke. Chuo kisipomchukua, unajua mwenyewe. Mimi nikaona silaha niliyoisubiri imejileta mkononi. Nilijua ukimwona utamtaka, kwa hiyo usimwone. Nikamwita Kabula nikamwambia, siku ya mgeni utasema kifundo kinauma.

Akanitazama. "Mwalimu, mbona mi siumwi?"

Nilimwona amesimama pale na jezi yake imefuliwa, nikajua ninachotaka kumfanyia. Nilitaka aende mbele kwa neno langu, mimi nibaki chini. Yaani uliniharibia maisha na karibu unirithishe tabia. Nikamwambia, "Acha. Utacheza."

Lakini usidhani hapo ndipo hasira ilipoishia. Ilibadilisha njia tu.

Unajua wanafunzi wangu ninawafundishaje ule mtego? Neno ni lilelile, panda. Sharti ndilo nililobadilisha. Kwangu, anayeita ndiye anayetangulia. Huiti mpaka mguu wako mwenyewe umeshatoka. Kabla hawajagusa mpira nawasimulia kwa nini, nawasimulia kuhusu mabeki wawili na jozi moja ya viatu, na mmoja aliyeita akabaki. Jina sikuwahi kulitaja.

Siku ya mgeni ikafika. Ulikaa kwenye kiti, na kofia yako ya chuo. Ukaniamkia kwa mbali kwa kutikisa kichwa. Mimi sikutazama mpira siku ile, nilikutazama wewe. Na Kabula alipoita "Panda!" akatoka yeye wa kwanza, mstari mzima ukamfuata, mshambuliaji akabaki ameotea na kibendera kikapanda, ulisimama. Hakuna mwingine aliyesimama, maana wengine hawakuona kitu cha kusimamia. Mkono wako ulikuwa umeshika kiti. Kwa furaha ile, pacha, ningeweza kulima ekari nzima bila kunywa maji.

Ukaja kwangu baada ya filimbi. "Nani kamfundisha huyu mtoto?"

"Wewe."

Ukajaribu ile methali yenu wakosaji. "Dada, yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwako. Aliyelazwa nilikuwa mimi."

Hapo Kabula akafika, jasho linamtiririka, hajui anaingia katikati ya nini. Ukamwambia chuo kinamtaka. Badala ya kurukaruka, akakuuliza, "Huko kwenu nani huwa anaita panda?" Ukasema beki mkubwa. Akauliza tena, "Na yeye anatangulia?" Jibu lako nililisikia vizuri. Ulisema, "Tutaona," ukarekebisha kofia.

Ameondoka na treni ileile. Nimemnunulia viatu vyake mwenyewe, vyote viwili. Sikumzuia, sikumchafulia, wala sikumwambia wewe ni nani. Ungetaka sana nimzuie, maana ungepata la kusema juu yangu. Badala yake nimekuletea yeye. Kila jioni uwanjani kwenu utaisikia ile sauti ikiita, na ukitazama utaona mwitaji yuko mbele ya wote. Timu nzima itaiga. Hicho ndicho kisasi changu, na sina haya nacho.

Kimebaki kipande kimoja. Barua hii ni ya wazi, itasomwa na watu, na Kabula ataisoma na wenzake bwenini kwa sauti. Jina lako sikuliandika. Si kwa huruma. Kabula ana akili, kabla hajafika katikati atakuwa ameshakisia, lakini kukisia si kuambiwa. Watakusanyika mazoezini wakutazame miguu. Watangoja.

Mimi nimengoja kuliko wao. Stesheni uliniuliza ningefanyaje, na mimi nilikujibu. Sasa zamu yako. Wale mabinti wako mstarini, na mmoja wao amelelewa na mkono wangu. Usimwite mtu mwingine aseme kwa niaba yako, wala usiwatume mazoezini wakazunguke uwanja. Simama mbele yao, ulitaje jina lako.

Panda. Tangulia wewe.

Salamu za nyumbani nimezisahau.

Pacha wako wa kushoto,
Magamba